Umande wa Saa Saba Mchana

Siku ya kuchuma nyanya, nyumbani kwa Bartholomeo hakuna anayelala mpaka jua litoke. Mkewe, Paskalina, hupita mlango kwa mlango akigonga kwa kiganja.

"Amkeni! Nyanya haisubiri mtu amalize ndoto."

Watu huamka. Hunywa chai na viazi vilivyobaki jana, huvaa mabuti na kushuka shambani. Shamba lao liko Ilula, mkoani Iringa, chini kidogo ya barabara kuu. Ukiinama kuchuma unasikia malori yakipanda mlima kwa shida. Asubuhi kuna baridi na majani yana umande. Ikifika saa nne umande wote umekauka, na migongo imeanza kuuma.

Nyanya huchumwa kwa ndoo. Kisha hupelekwa chini ya turubai la bluu walilofunga kwenye miti minne. Hapo hupangwa kwenye matenga. Na hapo ndipo Paskalina huwa mkali kuliko mahali pengine popote.

Kuna wakulima wanaoficha nyanya mbovu chini ya tenga na kupanga nzuri juu. Wenyewe huita kupamba uso. Paskalina hataki kusikia.

"Uso wa tenga ufanane na tumbo lake," husema. "Mteja akifika chini akikuta takataka, hatukani tenga. Anakutukana wewe."

Kwa sababu hiyo alikuwa na mteja wa kudumu. Mteja huyo ni Mbuke, mwanamke wa Kisukuma aliyekulia bonde la Usangu, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao. Siku hizi anakaa Uyole, Mbeya. Hununua nyanya na kuzipeleka Chunya, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Chunya ni kukavu, na barabara za kwenda machimboni ni vumbi na mashimo. Nyanya iliyoiva ikipita huko, inafika ikiwa mchuzi. Mbuke anataka nyanya ngumu, zilizoanza tu kugeuka rangi kwenye kitako. Zitamalizia kuiva zikiwa njiani.

Kutoka Uyole hadi Ilula ni mbali. Mbuke hawezi kuja kila mara kuangalia. Kwa hiyo yeye na Paskalina walikuwa na utaratibu wao. Paskalina hupiga picha ya tenga kwa simu na kumtumia kwa Watsapu. Mbuke huiangalia. Akijibu "Ndiyo", lori lake aina ya Fuso linakuja. Akijibu "Bado", Paskalina anasubiri.

Picha za Paskalina zilikuwa mbaya. Nyingine zilienda upande. Nyingine zilikuwa na kivuli cha kichwa chake. Karibu zote zilikuwa na kidole gumba kwenye kona. Mbuke hakuwahi kulalamika.

Aliyelalamika ni Happy, binti yao mkubwa.

Happy alikuwa mpiga picha. Alianza kwa kupiga picha za marafiki zake, kisha watu wakaanza kumwita kwenye kipaimara, harusi na mahafali. Hakuwa na kamera kubwa. Alikuwa na simu nzuri na programu za kuhariri picha. Mojawapo ilitumia akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Ukibonyeza mara moja, mashine inabadilisha picha yenyewe. Chunusi zinapotea, anga linakuwa la bluu, nyasi zinakuwa za kijani.

Siku hiyo ya mchumo, saa saba mchana, Happy alimkuta mama yake chini ya turubai akinyoosha simu juu ya tenga.

"Mama, picha gani hiyo? Kidole chako kimekuwa kikubwa kuliko nyanya."

"Kidole hiki ndicho kinachokulisha."

"Sawa, lakini hakiuzwi Chunya. Lete nikusaidie. Mimi si ndiyo kazi yangu?"

Paskalina alikuwa na ndoo mkononi na watu wa kuwasimamia. Akampa simu.

Lakini Happy alipiga picha kwa simu yake mwenyewe, yenye kamera nzuri. Akaiangalia, akakunja uso. Chini ya lile turubai kila kitu kilikuwa na rangi ya bluu. Nyanya zilionekana kama zina homa. Akafungua programu yake na kubonyeza palipoandikwa "Boresha". Mduara ukazunguka kidogo. Picha ikarudi.

Ilikuwa nzuri ajabu. Nyanya zilikuwa nyekundu, zikimeta. Juu yake kulikuwa na matone madogo ya maji. Hata ufito uliovunjika pembeni mwa tenga ulikuwa mzima.

"Mama, ona!"

Paskalina aliitazama kwa mbali. Miwani yake ilikuwa nyumbani.

"Inaonekana?"

"Inaonekana vizuri mno."

"Basi tuma. Na ufute ile nyingine, isije ikatumwa kwa makosa."

Happy akafuta. Akairusha picha kwenye simu ya mama yake, akamtumia Mbuke kutoka hapo.

Mbuke kwa kawaida hujibu kabla ya chakula cha jioni. Jioni hiyo hakujibu. Paskalina alipiga simu, ikawa haipatikani.

"Labda yuko Chunya kwenye machimbo," alisema Bartholomeo. "Huko mtandao unashikwa juu ya mti."

Asubuhi walisikia Fuso likipunguza mwendo barabarani. Paskalina alilijua kwa sauti yake. Alitoka mbio akifunga kitenge. Fuso lilipita njia ya kwenda kwake na kukata kona upande wa pili wa barabara. Likasimama kwenye shamba la jirani, na vijana wakaanza kupakia.

Paskalina alipiga simu hapo hapo. Safari hii Mbuke alipokea. Simu iliwekwa sauti ya juu, nyumba nzima ikasikia.

"Dada Mbuke, gari lako limepotea njia?"

"Halijapotea, Mama Happy. Nimelituma huko."

"Na nyanya zangu?"

"Nyanya zako zimeiva mno. Hizo kauzie watu wa kupika leo. Mimi Chunya nitafikisha nini? Nitafikisha maji?"

"Zimeiva? Nani kakwambia? Zangu ndiyo kwanza zimeanza kugeuka!"

"Usinifanye mtoto. Picha yako nimeiona. Nyekundu kama shuka la Mmasai." Mbuke alivuta pumzi. "Halafu kingine. Ile picha mmenitumia saa saba mchana, na nyanya zina umande. Umande gani huo wa saa saba mchana? Nimekaa na wakulima miaka mingi, huo sijauona. Nikasema, leo Mama Happy amejifunza kupamba uso. Nikaumia, lakini nikanyamaza."

Akakata simu.

Paskalina alienda kuchukua miwani. Akakaa kwenye kigoda, akaitazama ile picha. Bartholomeo alisogea akachungulia juu ya bega lake.

"Mh!" alisema. "Hizi hata mimi ningezinunua. Nile leo leo."

"Baba Happy, usinichekeshe." Paskalina aligeuka. "Happy! Njoo hapa."

Happy alikuja. Tayari alikuwa amesikia yote.

"Hizi nyanya ni za nani?"

"Ni zetu, mama."

"Si zetu. Chukua hiyo simu, nenda pale turubaini, iweke kando ya tenga. Kisha urudi uniambie ni za nani."

Happy alienda. Aliinua turubai upande mmoja ili mwanga uingie, akaweka simu juu ya nyanya. Kwenye simu kulikuwa na nyekundu tupu. Kwenye tenga kulikuwa na kijani kilichopauka, na doa la waridi kwenye kila kitako. Hakukuwa na tone hata moja la maji. Alishika nyanya moja. Ilikuwa ngumu na kavu.

Aliporudi hakutazama juu.

"Mama, ni picha tu. Kila mtu anafanya hivyo siku hizi. Nilitaka zionekane nzuri."

"Zilikuwa mbaya?"

Happy alitikisa kichwa kukataa.

"Miaka yote hii sijapamba uso wa tenga," alisema Paskalina. "Wewe umenipambia kwa kidole kimoja. Sasa sikiliza. Mchumo ujao ndio mkubwa, wewe mwenyewe unaona shamba lilivyozaa. Mbuke asiporudi, hizo nyanya zitaoza tunaziangalia. Nenda kwa Damari. Ana banda la picha na sijasikia mteja wake akimkimbia. Akufundishe. Mimi sina muda wa kukupigia makelele."

Nyanya za mchumo ule ziliuzwa kandokando ya barabara, kwa abiria wa mabasi. Ziliuzwa pole pole, ndoo moja moja, kadiri zilivyoiva. Nyingine zililainika kabla hazijapata mtu. Bartholomeo aliwatupia nguruwe. Nguruwe ndio waliofurahi.

Banda la Damari lilikuwa karibu na kanisa la Kilutheri. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe ukutani cha kupigia picha za pasipoti, kiti kimoja na mashine ya kuchapia. Damari alikuwa akikata picha kwa mkasi.

"Kamwene, dada," Happy alisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, Happy. Mama yako ameshanipigia. Alikuwa anaongea kwa nguvu, hata simu ningeiweka chini ningemsikia. Kaa. Nionyeshe hiyo picha."

Happy akamwonyesha. Damari aliikuza kwa vidole viwili.

"Ni nzuri. Ya asili iko wapi?"

"Niliifuta."

Damari aliweka mkasi chini.

"Mpiga picha hafuti ya asili. Ukihariri, hariri nakala. Ya asili ndiyo shahidi wako. Fungua kapu la takataka la simu, huenda bado imo. Simu nyingi hukaa nazo kwa muda."

Waliikuta. Damari aliziweka picha mbili kando kwa kando, ya bluu na ile nyekundu.

"Niambie, ipi ni ya kweli?"

"Ya kwanza."

"Mama yako ana nyanya za bluu?"

Happy alicheka kidogo. "Hapana."

"Basi hata hiyo haijasema kweli yote. Turubai limeipaka rangi. Kamera hudanganywa na mwanga, kila siku. Kwa hiyo sikwambii usihariri. Mimi mwenyewe nahariri. Kutoa ile bluu ya turubai ni kusahihisha, kwa sababu bluu si ya nyanya. Lakini kuleta nyekundu ambayo haikuwepo ni kubuni."

"Mimi sikuleta nyekundu, dada. Nilibonyeza 'Boresha' tu. Ni ile akili unde."

"Najua. Unajua inavyofanya kazi?"

"Inajua kutengeneza picha."

"Inakisia," alisema Damari. "Imefundishwa kwa picha nyingi mno za kila aina. Ukiipa tenga la nyanya na kusema boresha, haiijui nyanya ya Ilula, wala haijui Chunya iko wapi. Inakisia nyanya nzuri inavyokuwa kwenye picha ilizowahi kupewa. Na nyingi ni za matangazo ya biashara. Kwenye matangazo nyanya ni nyekundu na imemwagiwa maji ili imete. Ikakupa hiyo."

"Kwa hiyo haikukosea?"

"Ilifanya inachojua. Wewe ulikuwa unajua zaidi yake. Umekulia kwenye nyanya. Lakini uliitazama picha, hukuitazama nyanya."

Happy alizitazama tena zile picha mbili. Nje basi lilipiga honi na wauza vitunguu wakalikimbilia.

"Nionyeshe kazi zako nyingine," alisema Damari.

Happy alifungua picha za kwaya ya vijana. Alikuwa anazipenda. Damari alitazama, kisha akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Hili bango nyuma yao limeandikwa nini?"

"Kwaya ya Vijana."

"Soma."

Happy alisogeza uso. Herufi zilikuwa zimepinda na kuchanganyika. Hazikuwa neno la lugha yoyote.

"Na huyu wa sauti ya pili," Damari aliendelea, "ana vidole sita. Siku ya kupiga kinanda atawashinda wote."

"Ndiyo maana wanakwaya walicheka nilipowapa!" Happy alishika mdomo. "Nilidhani wamefurahi."

"Haya. Na huyu bibi harusi? Namfahamu, ni mweusi mzuri. Nani kamfanya mweupe?"

"Ilikuja yenyewe, dada. Nilibonyeza kulainisha ngozi."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Alisemaje alipoziona?"

Happy alifikiri. "Alisema asante. Lakini hajaweka hata moja kwenye Watsapu yake."

Damari alimrudishia simu.

Baadaye alimwonyesha kazi zake mwenyewe. Kulikuwa na picha ya zamani ya harusi iliyochanika katikati. Akili unde iliunga mpasuko, lakini Damari alikaa na wazee wa familia ile, wakaangalia sura moja moja na kumwambia panapofanana na pasipofanana. Kulikuwa na tangazo la tamasha la kwaya, na nyuma yake milima na mawingu ya kubuni.

"Hili ni pambo," alisema. "Kila mtu analiona kuwa ni pambo, hakuna atakayeenda kuitafuta hiyo milima. Hapa akili unde imenirahisishia kazi. Lakini picha ambayo mtu ataitumia kuamua jambo, anunue au asinunue, akubali au akatae, hiyo usiibuni. Bidhaa, nyumba ya kupanga, ng'ombe wa kuuza, picha ya kitambulisho. Ukiibuni hapo umedanganya, hata kama hukukusudia."

"Sasa nitajuaje nimevuka mpaka?"

"Fanya alichokwambia mama yako. Weka picha kando ya kitu chenyewe. Vikifanana, tuma. Visipofanana, rudi nyuma." Damari alichukua tena mkasi. "Na jambo jingine. Programu nyingi za akili unde hazifanyi kazi ndani ya simu. Picha inatoka, inaenda kwenye mashine za watu usiowajua, halafu inarudi. Picha ya mtu, muulize kwanza. Ya mtoto, muulize mzazi wake. Kitambulisho cha mtu usipeleke kabisa. Nilikuona juzi ukimhariri mtoto wa ubatizo. Uliomba?"

"Sikujua kuwa kunaombwa."

"Sasa unajua. Usije ukaniambia tena hukujua."

Kabla Happy hajaondoka, Damari alimpa sahani nyeupe ya bati.

"Ya nini, dada? Kuna ugali?"

"Ugali upo kwenu. Ukipiga picha ya nyanya, weka sahani hii kando yake. Sahani ni nyeupe, wewe unajua na mteja anajua. Ukisahihisha rangi, sahihisha mpaka sahani iwe nyeupe, kisha uache. Nyanya nazo zitakuwa zimekaa kwenye rangi yake. Na piga kwenye kivuli cha kawaida, kando ya nyumba. Turubai la bluu ni la kuzuia jua, si la kupigia picha."

Jioni ile Happy alimtumia Mbuke ujumbe wa sauti. Aliurudia mara nyingi kabla ya kuutuma, kwa sababu kila mara alijikuta akijitetea.

"Shikamoo, mama Mbuke. Mimi ni Happy wa Mama Happy. Ile picha niliihariri mimi kwa akili unde. Mama hakuiona vizuri. Nyanya hazikuwa nyekundu, na umande ule haukuwepo. Naomba unisamehe, na usimhesabie mama kosa langu."

Jibu lilikuja kesho yake.

"Marahaba. Nimesikia. Mtoto anayesema kweli anafaa kulelewa. Lakini mimi nimeshaumwa na nyoka, hata unyasi naukimbia. Mchumo ujao, tenga lisipigwe uso. Mlimwage chini lote, mpige tumbo lake. Halafu nitaona."

Paskalina aliposikia maneno hayo aliguna. "Kumwaga tenga lililopangwa! Huyu anatukomoa." Akafikiri kidogo. "Ana haki. Tutamwaga."

Mchumo mkubwa ulifika. Paskalina aligonga milango. Nyanya zilijaa hata matenga ya kuazima hayakutosha. Umande ulipokauka na matenga ya kwanza yakawa tayari, Bartholomeo alibeba moja mpaka kando ya nyumba, upande wenye kivuli. Akatandika gunia.

"Namwaga?"

"Mwaga," alisema Paskalina, akigeuza uso kama mtu anayechomwa sindano.

Nyanya zilibingirika. Happy aliweka sahani nyeupe kando yake na kuanza kupiga. Alipiga kutoka juu. Alipiga kwa karibu. Katikati ya rundo kulikuwa na nyanya mbili zenye mpasuko zilizopita machoni mwa wapangaji. Bartholomeo alinyoosha mkono azitoe.

"Acha, baba," alisema Happy. "Zilikuwemo."

Bartholomeo alimtazama mkewe. Paskalina alitikisa kichwa kukubali, ingawa kwa shingo upande.

Picha ilikuwa na giza kidogo. Happy alitengeneza nakala, akaongeza mwanga pole pole kwa mkono, akiitazama sahani. Ilipofika nyeupe aliacha. Hakugusa "Boresha". Aliinama akaweka simu juu ya gunia, kando ya rundo. Alitazama simu, akatazama nyanya, akatazama tena simu.

"Mama, njoo na miwani."

Paskalina alikuja na miwani. Alichuchumaa, akaangalia muda mrefu kuliko alivyowahi kuangalia picha yoyote.

"Hizi ni zetu," alisema.

Happy alituma picha mbili, ya asili na iliyosahihishwa. Chini yake aliandika: "Ya kwanza haijaguswa. Ya pili nimeongeza mwanga tu."

Kisha wakasubiri. Paskalina alipanga upya lile tenga. Happy alizungusha ile sahani mkononi mpaka baba yake akamnyang'anya. Jua lilikuwa limeanza kushuka simu ilipolia.

"Nakuja mwenyewe," aliandika Mbuke.

Fuso lilifika asubuhi ya pili, na safari hii lilikata kona upande wao. Mbuke alishuka mbele, mwanamke mrefu wa makamo mwenye mwanya mpana kati ya meno ya mbele. Alikuwa ametokea Chunya, akapitia Uyole bila hata kunawa. Vumbi lilikuwa limemkaa kwenye nyusi na mashavu.

Hakusalimia kwanza. Alitoa simu yake, akafungua ile picha, akaenda moja kwa moja kwenye matenga. Alifunua moja, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa nyanya ya chini kabisa. Akaiweka juu ya simu. Kila mtu alisimama.

"Mama Happy," alisema mwishowe, "habari za siku?"

Paskalina alicheka kwa sauti. Walishikana mikono, hawakuachiana haraka.

"Unajua kilichonileta ni nini?" Mbuke alisema. "Zile mbili zilizopasuka. Nilisema, mtu anayenionyesha mbovu zake hajanificha kitu."

"Binti yetu huyu ndiye aliyekataa zisitolewe," alisema Bartholomeo. "Mimi nilikuwa nazitoa."

"Wewe nilikujua zamani, Baba Happy."

Fuso lilipakiwa mpaka juu. Vijana walipokuwa wakifunga kamba, Mbuke alimwita Happy.

"Sasa nipige na mimi. Nataka bango la kibanda changu pale Uyole. Watu wanifahamu."

Happy alimsimamisha kwenye kivuli na kumpiga. Kisha akasema, "Mama, naweza kuisafisha kwa akili unde. Lakini picha itatoka kwenye simu, itaenda kwenye mashine za mbali, halafu irudi. Unaruhusu?"

"Itarudi?"

"Itarudi."

"Basi ijaribu. Naona vumbi limenizidi."

Mduara ulizunguka. Picha ikarudi, na Happy akamwekea mbele. Vumbi lilikuwa limeisha. Pua ilikuwa imepungua. Na meno ya mbele yalikuwa yameshikana, bila nafasi.

Mbuke alitazama.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Si mimi. Labda ni mdogo wangu ambaye mama yangu hakumzaa." Alirudisha simu. "Vumbi toa, hilo ni la barabara. Mwanya acha. Mwanya ni wangu, na watu wa Chunya wote wananijua kwa huo."

Happy alirudi kwenye ya asili. Safari hii hakuiachia mashine ikisie. Alifuta vumbi kwa kidole, doa kwa doa, nyusi na mashavu. Alipomaliza aliinua simu usawa wa uso wa Mbuke, akalinganisha. Mbuke alicheka, na mwanya ukaonekana sehemu zote mbili.

"Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma, akapanda gari.

Siku hizi wakulima wengi wa pale Ilula humwita Happy awapigie picha za mazao kabla ya kuongea na wanunuzi. Huja na sahani yake ya bati. Humwaga tenga, watu wakanung'unika, kisha wakazoea. Kwenye harusi bado anatumia akili unde, lakini anauliza kwanza. Yule bibi harusi, Happy alimfuata mwenyewe, akamwomba radhi na kumtengenezea picha upya kutoka zile za asili. Moja sasa iko kwenye Watsapu yake.

Bango la Mbuke lilipokamilika, Mbuke mwenyewe alilipiga picha kwa simu yake na kuituma Ilula. Paskalina alivaa miwani. Bango lilikuwa limeenda upande. Mbuke alikuwa amesimama pale juu akicheka na mwanya wake. Na kwenye kona, kikubwa kuliko kitu kingine chochote, kulikuwa na kidole gumba.

"Unaona?" Paskalina alimgeuzia binti yake simu. "Wapiga picha wenzangu hao."

"Nikitoe, mama?"

"Kidole cha watu? Kiache hapo hapo."